Sikio Nalo Hufundishwa

(Hotuba kwa waalimu wa kwaya na watu wa mitaa, katika sikukuu ya Yubile ya dayosisi)



Nimeagizwa niseme nanyi habari za muziki wa mitaa yetu, nami nimechagua jambo moja dogo tu, yaani jinsi mtu awezavyo kujifunza kupiga gitaa la besi kwa sikio, pasipo kusoma karatasi. Najua wako watakaouliza, Mbona hotuba ya Yubile iwe ya gitaa? Wasemaji walionitangulia wamesema habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, na maneno yao ni mema. Lakini tazameni katika mitaa yenu. Kwaya nyingi za vijana zina magitaa, na katika hayo lipo moja lenye shingo ndefu na nyuzi nne nene. Mpigaji wake husimama nyuma karibu na ngoma, wala hatazamwi na mtu. Siku asipokuwapo, watu huona kwamba wimbo umepungua, ijapokuwa wengi hawawezi kusema kilichopungua ni nini. Tukiwauliza wapigaji hao, Nani aliyekufundisha? wengi watajibu, Hakuna, nalisikia tu. Sisi waalimu tumeliacha jambo hilo kana kwamba halituhusu. Mimi nasema latuhusu sana, nami nitawaeleza sababu, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu wa kwaya katika mtaa mmoja, alinijia kijana, mwana wa seremala, akaomba aingie kwayani apige besi. Siku zile nalikuwa na sheria moja: asiyejua kusoma solfa haingii. Nikampa karatasi ya wimbo mbele ya wenzake, nikamwambia, "Soma sauti ya nne." Akaitazama karatasi, akanyamaza. Nikamwambia mara ya pili. Akasema, "Mwalimu, nikisikia mara moja nitaipiga." Wenzake wakacheka, nami sikuwakataza. Nikamwambia, "Hapa hatupigi kwa kubahatisha. Nenda ukajifunze, kisha urudi." Akaenda zake. Lakini hakuwa na mahali pa kujifunza, kwa kuwa mwalimu wa solfa katika mtaa ule nalikuwa mimi peke yangu, nami ndiye niliyemfukuza. Hilo sikulifikiri siku ile. Gitaa la mtaa likakaa sandukuni, nyuzi zikashika kutu.

Nilipokwisha kustaafu naliona haya kuliona gitaa lile likiharibika, nikalitia nyuzi mpya ili nijifunze mwenyewe. Solfa naijua tangu utoto, basi nikadhani kazi itakuwa nyepesi. Baada ya miezi michache naliweza kupiga nyimbo kadha wa kadha, karatasi ikiwa mbele yangu. Hata Jumapili moja mama mmoja akaanzisha wimbo katikati ya ibada pasipo kungoja kinanda, kama mama zetu wafanyavyo, na sauti aliyoanzia haikuwa ile iliyoandikwa kitabuni. Watu wote wakamfuata. Mimi nikatafuta juu, nikatafuta chini, na kila nilipogusa palilia vibaya, mpaka nikaondoa vidole nyuzini. Wimbo ulikuwa na beti tano. Nalisimama kimya beti zote tano, nimelikumbatia gitaa kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenziwe sokoni.

Siku ya pili yake nikamwendea yule kijana. Sasa ni mtu mzima, ana karakana yake ya useremala, na sifa zake za kupiga besi zimeenea, maana huitwa arusini na katika sikukuu za watu. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akanipa kiti, wala hakunikumbusha neno. Nikamweleza haja yangu, nikafungua kitabu. Akasema, "Samahani, mwalimu, kitabu tukifunge kwanza. Niimbie besi ya wimbo ule wa jana." Nikaimba maneno matatu manne, kisha nikapotea nikaangukia sauti ya kwanza. Akaniambia kwa upole, "Kama mdomo haujaijua, vidole vitaijuaje?"

Ndugu zangu, neno hilo ndilo kiini cha hotuba yangu. Nalidhani kupiga kwa sikio ni kazi ya vidole vyenye bahati. Kumbe ni kazi ya sikio lililofundishwa, na mdomo ndio shahidi wa sikio. Usichoweza kukiimba hujakisikia bado, hata kama kimelia mbele yako mara mia.

Wala hili si jambo la kwetu tu. Wengi wenu mmesikia habari za Paul McCartney, aliyezaliwa Liverpool, katika Uingereza, mwaka 1942. Baba yake alikuwa mwuza pamba, naye alipiga piano na tarumbeta kwa sikio pasipo kusomea. Nyumbani alimwonyesha mwanawe sauti za vyombo katika nyimbo za redioni, na jinsi sauti ya pili inavyoshikana na ya kwanza. Mwaka 1961 mpigaji besi wa kundi lao alipojitoa, Paul akaishika kazi hiyo, na ulimwengu wote wajua alipofika. Yeye mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba hajui kusoma wala kuandika noti. Lakini mwaka 1991 alipotunga kazi kubwa ya waimbaji na vyombo vingi, ikaimbwa katika Kanisa Kuu la Liverpool, alishirikiana na Carl Davis, bwana ajuaye kuandika muziki. Tazameni basi: sikio lilifika mbali sana, na siku ilipohitajika kalamu, mwenye sikio alimwita mwenye kalamu, wakakaa meza moja. Mimi nalikuwa na kalamu, nikamfukuza mwenye sikio.

Yuko na mwingine, James Jamerson, Mwamerika mweusi aliyezaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina. Alipohamia Detroit alijifunza shuleni kupiga lile fidla kubwa la besi linalosimamishwa chini, kisha akashika gitaa la besi. Aliweza kusoma noti, lakini katika kazi yake mara nyingi alipewa karatasi yenye alama chache tu, na mengine akayatoa sikioni mwake, akizikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja cha mkono wa kuume. Nyimbo nyingi zilizovuma ulimwenguni katika miaka ya 1960 zimesimama juu ya besi yake, lakini kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa juu ya sahani zile. Akafa mwaka 1983, na heshima kubwa ikamjia nyuma ya kifo chake, mwaka 2000. Ndivyo ilivyo kazi ya besi. Ni kama msingi wa nyumba: wageni husifu bati na madirisha, wala hawaulizi msingi alichimba nani.

Sasa nikieleze chombo chenyewe. Gitaa la besi tulijualo lilitolewa sokoni na Leo Fender wa Fullerton, California, mwaka 1951, ingawa wako waliojaribu kabla yake. Hapo zamani besi ilipigwa kwa lile fidla kubwa, ambalo shingo yake ni laini tupu, na mpigaji hana budi kukisia mahali pa kidole. Fender alitia vyuma vyembamba vinavyokata shingo, hata kila sauti ikapata mahali pake. Nyuzi ni nne, na kwa kawaida hutengenezwa hivi: ulio mnene kabisa ni E, kisha A, kisha D, kisha G. Uzi wa E hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde moja, na huo ni mtetemo wa chini kuliko sauti ya mwimbaji wa besi wa kwaya zetu. Kutoka uzi mmoja hata wa pili ni mwendo ule ule, kama kutoka do hata fa. Kwa hiyo ukibonyeza uzi mnene kwenye chuma cha tano, utasikia sauti ile ile ya uzi unaofuata. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kuzilinganisha nyuzi zake kwa sikio tu, akipata sauti moja ya kweli ya kuanzia, kwa mfano kutoka kinandani.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitazamia. Fundi wangu alinionyesha namna ya kushika. Alisema, "Pata kwanza mahali wimbo unapokaa." Maana yake, ile sauti ambayo wimbo ukiifikia mwishoni, watu hupumzika. "Paite nyumbani. Uzi unaofuata, chuma kile kile, ndipo wimbo unapokwenda kutembea. Uzi huo huo, vyuma viwili mbele, ndipo unapotamani kurudi. Na nyumba ya juu iko uzi wa tatu, vyuma viwili mbele." Kisha akauhamisha mkono wote mbele kidogo, akapiga wimbo ule ule kwa sauti ya juu zaidi, na umbo la vidole halikubadilika hata kidogo. Nikamwambia, "Lakini hii ni solfa! Nyumbani kwako ni do. Unapotembea ni fa. Unapotamani kurudi ni so. Na do ya solfa huhama kama mkono wako unavyohama." Akaniuliza nimwonyeshe. Nikaandika herufi chache juu ya kipande cha ubao kwa penseli yake ya useremala. Akazitazama kitambo, akasema, "Basi siku ile nalikuwa nayo mkononi."

Sikuwa na la kumjibu.

Waalimu wenzangu, tukumbuke solfa ilitoka wapi. Mwanamke mmoja Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, alitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto kuimba. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen aliombwa katika mkutano wa waalimu wa shule za Jumapili, huko Hull, atafute njia rahisi ya kuwafundisha watu kuimba. Naye akaichukua njia ya mama huyo, akaitengeneza na kuieneza. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Haikuwekwa iwe mlango wa kuwafungia nje wasiojua. Iliwekwa iwe ngazi kwa watu wasio na kinanda wala fedha ya kumlipa mwalimu, wapate kusikia kwa ndani sauti kabla haijalia. Yaani solfa yenyewe ni elimu ya sikio. Nasi tuliisahau kazi yake, tukaifanya kuwa mtihani wa macho.

Basi, kwa ajili ya vijana waliomo humu, na waalimu watakaowafundisha, nitaeleza kwa utaratibu mambo niliyofundishwa karakanani.

Kwanza, sikiliza pasipo kushika gitaa. Chagua wimbo mmoja mwepesi unaoujua, usikilize mara nyingi, na kila mara uiache sauti ya kwanza ipite, ufuate ile ya chini. Simu na redio ndogo haziwezi kuitoa vema sauti ya chini kabisa. Lakini kila uzi unapolia hutoa pamoja na sauti yake sauti nyingine ndogo za juu, na sikio likizisikia hizo hutambua hata ile isiyotolewa. Walakini ni heri kutumia spika iliyo kubwa kidogo, au zile zivaliwazo masikioni.

Pili, imba besi ile kwa mdomo, "dum, dum," hata uweze kuiimba huku mwenzio akiimba sauti ya kwanza, nawe usipotezwe. Hapa wengi huchoka wakataka kulikimbilia gitaa. Mimi mwenyewe nalikaa wiki mbili katika jambo hili, mzee wa mvi, nikiguguna njiani kuelekea shambani hata majirani wakaniuliza kama ni mzima.

Tatu, tafuta nyumbani. Imba sauti ya mwisho ya wimbo, uishike kinywani, kisha pandisha kidole chuma kwa chuma juu ya uzi mnene mpaka uzi na mdomo viwe kitu kimoja. Jihadhari na so, maana hufanana sana na do, nayo huwadanganya wanafunzi wengi. Dawa yake ni kujiuliza, Je, wimbo waweza kuishia hapa, watu wakakaa? Kama moyo wataka kuendelea, hujafika nyumbani.

Nne, jaribu kuupiga wimbo kwa do, fa na so tu. Nyimbo nyingi za kitabuni zaweza kusimama kwa sauti hizo tatu, na mahali zisipotosha, sikio litakuambia kwa kuumia. Hapo jaribu la, ambayo iko uzi wa tatu kutoka wa nyumbani, chuma kimoja nyuma. Au mi, ambayo iko uzi unaofuata, chuma kimoja nyuma. Usiongeze sauti kwa ajili ya kujionyesha. Fundi wangu huweza kuupiga wimbo mzima kwa sauti nne, na watu wakaimba vizuri kuliko siku zote.

Tano, shikamana na ngoma. Mguu upige chini, na kidole kifuate mguu. Kuinyamazisha sauti kwa wakati wake nako ni kazi, kwa kuwa sauti iliyoachwa ikilia humeza ile inayofuata. Na ukikosea sauti, usisimame kuitafuta. Waimbaji waweza kukusamehe sauti moja iliyopotea, lakini mwendo ukianguka wote huanguka.

Sita, badilisha mahali pa kuanzia. Wimbo ukiisha kukaa mkononi, mwombe mtu auanzishe po pote apendapo, nawe utafute nyumbani upya kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Huu ndio mtihani wa kweli wa mpigaji wa kanisani, maana mama zetu hawataacha kuanzisha nyimbo, wala wasiache.

Yako maonyo mawili. La kwanza ni la ukubwa wa sauti. Wahenga walisema, Ngoma ikivuma sana hupasuka. Siku hizi katika mitaa mingine spika za kwaya hufunguliwa hata mzee aliye kiti cha mbele hasikii sauti yake mwenyewe akiimba. Sauti ya besi ikiwekwa pembeni mwa nyumba, kuta mbili huirudisha, ikazidi nguvu kuliko mpigaji anavyodhani. Basi mpigaji na apeleke mwenzake akasimame nyuma ya kanisa amwambie kama watu wanasikika. Tena, kelele kubwa za siku nyingi huharibu vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio, navyo vikiisha kufa havioti tena. Ni jambo la kusikitisha mtu ajifunzaye kwa sikio aliharibu sikio lake kwa mikono yake.

Onyo la pili ni kwa vijana wasemao, Mimi napiga kwa sikio, sina haja ya kujifunza. Rafiki zangu, sikio lisilofundishwa hurudia yale yale liyajuayo. Yule fundi hakuwa mvivu. Alisikiliza usiku baada ya usiku, miaka na miaka, pasipo mtu wa kumsaidia. Na alipoziona zile herufi juu ya ubao hakuzidharau. Sasa anazisoma polepole, nami naimba polepole, na kila mmoja ni mwalimu wa mwenziwe.

Nimalize na ombi kwa waalimu. Kijana akija na gitaa wala hajui kusoma, msimpe karatasi kwanza. Mwimbieni sauti moja, mmwambie aitafute. Akiipata, mmepata mpigaji; asipoipata, mmepata mwanafunzi. Karatasi itakuja kwa wakati wake, naye ataipokea kwa furaha, kwa kuwa ataona imeandikwa kitu akijuacho tayari. Na kama katika mtaa wenu yuko mtu mliyemfukuza kwa jambo kama hili, msingoje mpaka mjifunze gitaa uzeeni ndipo mmwendee.

Mimi nalimwomba radhi, akaniridhia. Nikamwomba pia arudi kwayani. Amekataa kwa adabu, akisema amekwisha kuzoea mahali pake. Kila Jumamosi anawafundisha vijana wawili wa mtaa ninaowapeleka, lakini yeye mwenyewe hakurudi, wala sina haki ya kumlaumu. Miaka ile ambayo angetupigia imekwenda, na hakuna Yubile iwezayo kuirudisha. Tunayoweza ni kuulinda mlango usifungwe tena kwa ajaye.

 Mwenyezi Mungu azibariki kwaya zenu, wa mbele na wa nyuma.